Bakuli la Wali Ndilo Lako, Vingine Vyote ni vya Meza

Ukikaa kwenye meza ya Wachina, kitu kimoja tu ni chako: bakuli dogo lililo mbele yako. Samaki, kuku, mboga, tofu (jibini ya maharage ya soya) na supu vyote huwekwa katikati, na ni vya kila aliyekaa. Hakuna anayeagiza kuku wake na chipsi zake huku jirani yake akila kingine. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililozaa karibu kila desturi ya meza ya Kichina: meza kuwa ya mviringo, nyama kukatwa vipande vidogo kabla ya kutoka jikoni, vijiti kuwa virefu, mtu mmoja kuwaagizia wote, na bili kugombaniwa mpaka mhudumu achanganyikiwe.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, na vijana wetu wanaosoma vyuoni huko, hualikwa kula mapema kuliko wanavyotarajia. Mara nyingi mwaliko huja kabla bei ya mzigo haijatajwa. Wengi hupewa orodha ndefu ya miiko waikariri. Mimi naona ni afadhali mtu aielewe meza yenyewe, maana akishaielewa, mingi ya miiko hiyo ataigundua peke yake.

Wali na vya kulia wali

Mlo wa Kichina una pande mbili. Upande wa kwanza ni fan, yaani nafaka. Kusini ni wali. Kaskazini, ambako ngano hustawi kuliko mpunga, ni tambi, mikate ya mvuke iitwayo mantou, na jiaozi, vifuko vidogo vya unga vyenye kima ndani. Mpaka wa kusini na kaskazini hufuata milima ya Qinling na mto Huai. Upande wa pili wa mlo ni cai, yaani vitoweo vyote, viwe vya mboga, nyama au samaki. Fan hushibisha, cai huleta ladha.

Ndiyo maana wali wao haupikwi kwa chumvi, mafuta wala nazi. Mpishi wa pwani akiuonja peke yake atasema umepooza, lakini haukukusudiwa kuliwa peke yake. Vitoweo vina soya sosi, na wali ukitiwa chumvi, mlo mzima unakuwa wa chumvi. Osha mchele mara mbili au tatu, weka kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na robo cha maji, pika kwa moto mdogo ukiwa umefunika, kisha zima na uuache dakika 10 bila kufunua. Wali huo hushikamana kidogo, na hivyo ndivyo utakiwavyo. Wali wa kuchambuka, ule tunaousifia kwenye pilau, hauokoteki kwa vijiti.

Kwenye karamu mambo hugeuka. Hutangulia vitoweo baridi, halafu vya moto, halafu samaki, na wali au tambi huja mwishoni kabisa, wakati mwingine haviji mpaka viombwe. Mgeni anayedai wali dakika ya kumi anamwambia mwenyeji, bila kujua, kwamba vitoweo alivyoagiza havitoshi. Subiri. Supu nayo hutofautiana kwa eneo: Guangdong, mkoa wa kusini uliko mji wa Guangzhou, huanza nayo, sehemu nyingi za kaskazini humalizia nayo.

Kisu kinaishia jikoni

Kwa kuwa kila mtu anachukua kwenye sahani ile ile kwa vijiti, kazi yote ya kukata lazima iishe kabla chakula hakijafika mezani. Mpishi wa Kichina ana kisu kimoja kipana, caidao, anachokitumia karibu kwa kila kitu. Kwa makali yake anakata, kwa ubavu wake anaponda kitunguu saumu, na kwa upana wake anazoa vilivyokatwa na kuvipeleka kwenye karai. Vipande hutakiwa vilingane, na si kwa ajili ya urembo. Kwenye karai lenye moto mkali, kipande kinene na kipande chembamba haviwezi kuiva pamoja. Kimoja kitakuwa kibichi au kingine kitakuwa kigumu.

Chukulia mfano wa nyama ya ng'ombe na majani ya vitunguu. Kata gramu 300 za nyama laini kwa kukatisha nyuzi zake, vipande vya unene wa milimita 3 hivi. Tia kijiko kikubwa kimoja cha soya sosi, robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda na vijiko vikubwa viwili vya maji, kisha ikande kwa mkono mpaka nyama inywe maji yote. Hapo ndipo utie kijiko kikubwa kimoja cha konfulawa, na mwisho kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Iache dakika 30. Bikaboneti inalainisha nyuzi, konfulawa inavifunika vipande ili maji yake yasitoke, na mafuta yanavizuia visigandane. Ukizidisha bikaboneti utaijua kwa ladha ya sabuni, na hakuna kiungo kitakachoifuta.

Karai hupashwa likiwa tupu mpaka litoe moshi mwembamba. Ndipo mafuta yanaingia, yanazungushwa mpaka yapake kuta, na nyama inafuata papo hapo. Isambaze, usiiguse kwa sekunde 20 au 30, kisha geuza na kukoroga mpaka ibaki wekundu kidogo tu. Itoe. Kaanga tangawizi na kitunguu saumu kwa sekunde chache, tia majani ya vitunguu, rudisha nyama, geuza mara tatu nne, pakua. Kukaanga kote hakufiki dakika 4.

Kinachowaharibia wengi ni kujaza karai. Ukitia gramu 600 kwa mara moja kwenye jiko la nyumbani, joto linashuka ghafla, maji ya nyama yanatoka, na nyama inachemka ndani ya maji yake badala ya kukaangika. Inatoka ya kijivu na ngumu. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu jiko la nyumbani halina moto wa kuongeza. Pika kwa mafungu mawili. Majiko ya migahawa yana moto mkali mara nyingi zaidi ya wetu, na moto huo ndio unaotoa ile harufu ya karai ambayo watu wa Guangdong huiita wok hei na huitafuta kwenye kila sahani. Nyumbani utaikaribia, hutaifikia.

Kanuni hiyo hiyo inahusu mboga. Ile tunayoiita chainizi, inayouzwa kwa mafungu karibu kila soko la Tanzania, kwa Wachina haitiwi nyanya wala karoti, na haifunikwi. Tenga mashina na majani. Kung'uta maji mpaka yaishe kabisa, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye majani ndiyo yanayogeuza ukaangaji kuwa uchemshaji. Tia kitunguu saumu kwenye mafuta ya moto, mashina yafuate kwa dakika moja, majani kwa nusu dakika, chumvi mwishoni, na itoke ikiwa bado ya kijani kibichi. Sisi huipika mpaka ilale, na kwa maoni yangu tunaionea.

Samaki mzima

Kitoweo kinachobeba heshima kuliko vyote ni samaki aliyeletwa mzima, kichwa mpaka mkia. Namna ya Guangdong ndiyo rahisi na ndiyo bora, na changu au sato wa gramu 600 hivi anafaa sana. Mkate mikato miwili mitatu kila ubavu. Mweke kwenye sahani juu ya vipande vya tangawizi na mabua ya vitunguu ili mvuke upite chini yake. Maji lazima yawe yanachemka kwa nguvu kabla samaki hajaingia; ukimweka yakiwa baridi, nyama ya nje inachoka kabla ya ndani haijaiva. Funika dakika 8, zima moto, mwache dakika 2 nyingine. Sasa mwaga maji yote yaliyojikusanya kwenye sahani. Wengi huyaacha wakidhani ni mchuzi, kumbe shombo lote limo humo. Tandaza juu yake tangawizi na majani ya vitunguu vilivyokatwa nyuzinyuzi, chemsha vijiko vikubwa 3 vya mafuta mpaka yatoe moshi, yamwagie juu mpaka yalie, kisha pitisha vijiko viwili vya soya sosi pembeni, siyo juu ya ngozi.

Mezani, kichwa chake huelekezwa kwa mgeni wa heshima, na hakuna anayegusa kabla yake. Ubavu wa juu ukiisha, samaki hageuzwi. Huondolewa mfupa wa mgongo na watu huendelea na ubavu wa chini. Katika jamii za wavuvi wa pwani ya kusini, kumgeuza samaki kunaashiria chombo kupinduka baharini, na kwa mtu ambaye nduguye yuko majini hilo si jambo la kuchezea. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa Kichina, familia nyingi humbakiza sehemu hadi kesho yake, ili mwaka uanze na ziada ndani ya nyumba.

Kitoweo kingine cha karamu kina uhusiano na bahari yetu. Jongoo bahari anayeokotwa Unguja na Pemba, ambaye wavuvi wenyewe hawamli, hukaushwa na kusafirishwa mpaka Hong Kong na China bara, ambako ni chakula cha bei kubwa. Jikoni anataka subira. Hulowekwa siku nzima au mbili, huchemshwa, hupasuliwa na kusafishwa tumbo, kisha hulowekwa tena kwa maji safi yanayobadilishwa kila siku mpaka avimbe na kulainika. Chombo kisiwe na hata tone la mafuta, kwani mafuta humyeyusha kabla hajavimba. Kwa upishi wa Shandong, mkoa wa kaskazini, hupikwa taratibu na vitunguu virefu vya majani mpaka mchuzi unate. Ladha yake mwenyewe ni ndogo. Anayemlipia analipia mguso wake kinywani na heshima ya kumwandalia mgeni kitu cha gharama. Mapezi ya papa, yaliyokuwa na cheo hicho hicho, serikali ya China iliyapiga marufuku kwenye dhifa zake rasmi mwaka 2013.

Nani akae wapi, na nani azungushe

Usijichagulie kiti. Kwenye dhifa ya kibiashara, mwenyeji hukaa kiti kinachotazama mlango, mgeni mkuu kulia kwake, mgeni wa pili kushoto. Msaidizi wa mwenyeji hukaa upande wa mlangoni, ambako ni rahisi kuzungumza na wahudumu. Nyumbani, kiti kinachotazama mlango ni cha mzee. Simama kidogo, utaonyeshwa pa kukaa.

Anayeagiza ni mwenyeji, na kazi hiyo ina hesabu. Kwa watu 8 huagizwa vitoweo 9 au 10. Sherehe hupenda idadi shufwa, hasa 8. Saba huepukwa, hasa Guangdong, ambako mlo wa baada ya mazishi ndio una vitoweo 7. Mwagizaji hodari harudii nyama ile ile, na haagizi vyote vya kukaanga. Anaweka kimoja cha mvuke, kimoja kilichopikwa polepole, kimoja baridi, mboga za majani angalau mbili, na tofu kwa ajili ya wazee wenye meno mabovu. Pilipili huulizwa kabla. Ilifika China kutoka Amerika karne ya 16 ikielekea mwisho, lakini leo watu wa mikoa ya Sichuan na Hunan hawapiki bila yake, na Sichuan huongeza punje za huajiao zinazotia ganzi midomoni. Mtu wa Guangdong anaweza kushindwa kula chakula hicho sawasawa na mgeni kutoka Tanga.

Katikati ya meza kuna kioo cha kuzungusha. Sahani mpya husimamishwa kwanza mbele ya mgeni mkuu. Kioo huzungushwa polepole, kwa kawaida kufuata mwendo wa saa, na kabla ya kukigusa tazama kama kuna mwenzako anayechota. Chota kilicho upande wako, kidogo, na usichimbue kutafuta mnofu. Aliyelelewa kwenye sinia hapa pwani na kuambiwa "kula mbele yako" anajua tayari sheria kuu ya meza hii.

Mwenyeji atakuwekea chakula kwenye bakuli lako bila kuuliza. Kipokee. Kama hukipendi, kiache pembeni na ule vingine bila kusema neno. Ukikila haraka ili kiishe, ataongeza kile kile. Siku hizi wengi hutumia vijiti vya pamoja, vyenye rangi tofauti, kwa kuchotea tu. Desturi hiyo ilihimizwa baada ya ugonjwa wa SARS mwaka 2003 na tena wakati wa korona mwaka 2020. Ukiviona, tumia hivyo kuchota na vyako kulia, na usivichanganye.

Vijiti vyenyewe vina urefu wa sentimita 25 hivi, virefu kuliko vya Wajapani, na ncha yake ni butu. Cha chini hakitembei: kinakaa kwenye pengo la kidole gumba na kuegemea kidole cha pete. Cha juu kinashikwa na gumba, shahada na kidole cha kati, namna ya kushika kalamu, na ndicho pekee kinachopanda na kushuka. Shika theluthi ya juu. Makosa ni mawili: ncha zisizolingana, ambazo zinapishana badala ya kukutana, na kubana kwa nguvu, ambako kunafanya chakula kichoropoke. Wali hauliwi kwa kuinamia meza. Inua bakuli kwa mkono wa kushoto, gumba kwenye ukingo na vidole vinne chini, lisogeze karibu na kinywa. Kamwe usivisimamishe vijiti ndani ya wali, kwa sababu hivyo ndivyo udi unavyosimamishwa mbele ya maiti na mizimu, na mezani kutatulia ghafla. Usigonge bakuli kwa vijiti. Hiyo ilikuwa ishara ya ombaomba.

Kwa Mwislamu, swali si nguruwe peke yake

Hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili hukwama, kwa hiyo nitaeleza kwa makini. Kusema "wo bu chi zhurou", sili nyama ya nguruwe, hakutoshi. Mpishi atatoa vipande vya nyama kwenye sahani na kudhani amekutimizia haja, ilhali mboga zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, supu imetokana na mifupa yake, na samaki amenyunyiziwa mvinyo wa mchele, ambao umo karibu kila jiko ili kuondoa shombo. Kwenye chai ya asubuhi ya Guangzhou, maandazi ya kamba yanayoonekana meupe na safi mara nyingi huwa na mafuta ya nguruwe ndani, na siu mai, vifuko vya unga vilivyojaa kima, ni nguruwe waziwazi.

Neno la kutafuta ni qingzhen, yaani halali, linaloandikwa kwa herufi mbili, mara nyingi kwenye bango la kijani, ambalo zamani lilikuwa pia na maandishi ya Kiarabu. Ni migahawa ya Wachina Waislamu, hasa Wahui, na imetapakaa katika miji mingi. Maarufu kuliko yote ni ya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou. Bakuli lililopikwa vizuri hutambuliwa kwa rangi tano: mchuzi ulio angavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kijani cha giligilani, na tambi zenye umanjano. Tambi huvutwa kwa mkono ukiangalia, na wewe ndiye unayechagua upana: maoxi ni nyembamba sana, xi ni za kawaida, jiuye ni bapa kama jani jembamba, dakuan ni pana. Sema unachotaka kabla donge halijavutwa. Guangzhou yenyewe ina msikiti wa Huaisheng, mmojawapo wa misikiti ya kale kabisa China, na mtaa wa Xiaobei ambako Waafrika wengi hufikia una migahawa ya halali ya kila namna.

Mweleze mwenyeji wako siku anapokualika, siyo mmekwisha kukaa. Kuambiwa mapema kunampa nafasi ya kukuheshimu. Kuambiwa mezani kunamuaibisha mbele ya watu wake, na hata akibadilisha vitoweo vyote aibu hiyo itabaki.

Pombe nayo ni hivyo hivyo. Baijiu, pombe kali ya nafaka, kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 38 hadi 53, hunywewa kwa vikombe vidogo sana, na hainywewi kimya: unamwinulia mtu, mnagonganisha, mnakunywa. Mwenyeji huanza, wageni hujibu baadaye kwa zamu. Usiyekunywa, kataa tangu kikombe cha kwanza na uinue chai yako. Wana msemo wa hilo, "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe, na unakubalika. Kisichokubalika ni kunywa na mmoja halafu kumkatalia wa pili, kwani wa pili atajiona amedharauliwa. Iwe pombe au chai, ukigonganisha na aliyekuzidi umri au cheo, ukingo wa kikombe chako uwe chini ya wake.

Chai ina alama zake. Guangdong, mtu akikumiminia, gonga meza mara mbili tatu kwa vidole viwili; umeshukuru bila kukata mazungumzo. Birika likiisha, weka kifuniko chake nusu wazi na mhudumu ataongeza maji. Mdomo wa birika usimwelekee mtu. Wenyeji wa huko pia huanza kwa kusuuza vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza na kuimwaga kwenye bakuli kubwa, kwa hiyo usiinywe ile.

Kazi ya mikono yote

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, kaskazini, hata upishi unakuwa wa pamoja. Jiaozi haziwezi kufanywa na mtu mmoja kwa raha. Mmoja anasukuma, wawili wanafunga, mzee anasimamia sufuria. Umbo lake hufananishwa na vipande vya fedha vilivyokuwa sarafu zamani, na familia nyingi huficha sarafu safi ndani ya mojawapo ili atakayeipata aanze mwaka na bahati.

Unga wa ngano gramu 500, maji ya baridi mililita 250, chumvi kidogo. Kanda mpaka ulainike, funika dakika 30; ukiruka hatua hii unga utakuwa unajirudi kila ukisukuma. Kata vidonge vya gramu 12 hadi 15, sukuma kila kimoja kwa kuzungusha kifike sentimita 8, kingo nyembamba na kitovu kinene, kwa sababu kingo zitakunjwa mara mbili na kitovu ndicho kitakachobeba uzito. Ndani weka kima cha ng'ombe au kondoo gramu 400, chenye mafuta kidogo, ukikoroge upande mmoja tu huku ukiongeza maji vijiko vichache vichache mpaka kinate. Maji hayo ndiyo yatakuwa mchuzi ndani. Kabichi ya Kichina gramu 400 iliyokatwakatwa hutiwa kijiko cha chai cha chumvi, hukaa dakika 15, kisha hukamuliwa kwa nguvu. Wanaoshindwa, wengi wao hushindwa hapa: kabichi isiyokamuliwa hulowesha unga na jiaozi hupasuka. Tangawizi, majani ya vitunguu, soya sosi, mafuta ya ufuta, na funga mara moja.

Chemsha kwenye maji mengi. Zikiingia tu, pitisha mgongo wa kijiko kwenye sakafu ya sufuria zisigande. Maji yakichemka, mwaga kikombe cha maji baridi. Yakichemka tena, rudia. Mara tatu jumla. Kila ukipoza, ngozi inapumzika huku ndani kukiendelea kuiva. Zinaliwa na siki nyeusi na kitunguu saumu.

Meza iliyojaa mno

Mgeni hushangaa kwa nini mwenyeji anaagiza chakula ambacho kumi wasingeweza kukimaliza. Kumbuka umri wa wazee wa meza hiyo. Njaa kuu ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya watu. Nafaka iligawiwa kwa kuponi tangu 1955, na kuponi hizo zilifutwa kabisa mwaka 1993 tu. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya kuponi anapoijaza meza mbele yako, anakuambia kitu kikubwa, na hata salamu ya wazee bado ni "chi le ma?", umeshakula? Jibu ni "chi le", nimekula, hata kama una njaa.

Tabia hiyo sasa inabanwa. Kampeni ya kumaliza sahani ilianza 2013, na Aprili 2021 ilipitishwa sheria dhidi ya upotevu wa chakula: mgahawa unaomshawishi mteja aagize kupita kiasi unaweza kutozwa faini hadi yuan 10,000, na unaruhusiwa kumtoza mteja anayeacha chakula kingi. Mabaki kufungashwa sasa si aibu tena, sema "dabao". Kwenye vitoweo, kubakiza kidogo kunamwambia mwenyeji kwamba mmetosheka. Wali wa bakuli lako, umalize.

Bili hailipwi kwa kugawana, isipokuwa kati ya vijana na wanafunzi. Aliyealika ndiye anayelipa, lakini wageni hutakiwa waonyeshe nia, hata kwa kuvutana mikono, na wengine hutoka wakisingizia choo kumbe wanawahi kaunta. Pigania mara mbili, ya tatu uachie, na ualike wewe siku nyingine.

Na siku hiyo ikifika ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, usimpe kila mgeni sahani yake. Weka vyote katikati, na vyote viwe vya moto. Nyama choma ikatwe vipande vidogo kabla haijaletwa, kwa kuwa pande la nusu kilo na kisu litawasumbua wazee. Kachumbari mbichi wengi wao hawataigusa. Mchicha au chainizi ya kukaanga itaisha. Soda yenye barafu iwe chaguo la pili, maji ya moto au chai isiyo na sukari iwe la kwanza. Agiza changu mzima, kichwa kikimtazama aliye mkubwa wao. Bili ilipe kabla matunda hayajaletwa, maana matunda ndiyo alama ya mwisho wa mlo, na yakishafika mezani mmoja wao atakuwa tayari yuko kaunta.